Nyanya za Mama Zilivyooza Mara Nne

Mimi ndiye niliyewashia nyanya jiko.

Nasema mapema ili tusipotezeane wakati. Nyanya zilikuwa za mama yangu. Alikuwa amezitoa Kagio, kreti zimejaa mpaka juu, azipeleke soko ya Giakanja. Kabla siku ya soko kufika akaenda Kangari, kwa ruracio ya binti ya dada yake, na kwa sherehe ya mahari hurudi unapotaka, unarudi wazee wakimaliza kuongea. Aliniachia maneno mafupi: "Wahome, hizo nyanya uziangalie."

Nikaziangalia. Nikaona hizi zimetoka Kagio, mahali watu wanatembea na shati moja mwezi wa saba, zikaletwa Giakanja, mahali mwezi wa saba hata ng'ombe anatoa moshi mdomoni. Nikazihurumia. Nikazifunika na nailoni iliyobaki jirani alipojenga grinhausi, nikachomeka kingo vizuri kama blanketi ya mtoto. Na kwa sababu mimi sifanyi kazi nusu, nikaleta jiko la makaa nikaliweka katikati ya stoo.

Mama aliporudi nyanya zilikuwa zimefika ile hatua ambayo mtu huongeza kitunguu na chumvi.

Sasa, ndugu zangu wadogo wa kidato cha kwanza, nawaandikia kama mtu aliyestaafu. Mimi niko kidato cha tatu. Nilistaafu muhula uliopita, kwa hiari yangu, baada ya Naibu wa Mwalimu Mkuu kuniomba mbele ya watu. Kazi yangu ilikuwa kufundisha watu wazima kufeli. Najua mtasema kufeli hakuhitaji mwalimu, nyinyi mnafeli wenyewe bila msaada. Lakini kufeli mbele ya jopo ni kitu kingine.

Nyanya yangu, yaani yule aliyemzaa baba, anasema zamani ukienda kutafuta kazi ulikuwa unaulizwa wewe ni mtoto wa nani, kisha unapewa jembe. Siku hizi hata ukitaka kulinda geti, kuna watu watatu nyuma ya meza na swali lao: "Tuambie wakati mmoja ulifeli, na ukajifunza nini." Na hapo ndipo watu wa kwetu wanaumia, kwa sababu watu wa kwetu hawajawahi kufeli. Ulizia kutoka Giakanja mpaka mjini Nyeri. Utapata watu ambao mvua iliwakosea, watu ambao jirani aliwarogea kuku, na watu ambao Mungu hakupanga. Aliyefeli hutampata.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Muriithi, binamu yangu, aliyekuwa anatafuta kazi kwa kituo cha mafuta huko Karatina.

"Niambie siku moja ulifeli," nikamwambia.

"Sijawai."

"Ulirudia darasa la sita."

"Hiyo ni mwalimu alinichukia."

"Na ile pikipiki uliangusha na maziwa ya watu?"

"Hiyo ni barabara. Wewe hujaona hiyo barabara?"

Tulikaa hapo mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikaona mtu huyu hana kufeli kwake, itabidi aazimwe. Na mimi kufeli nilikokujua kutoka ndani mpaka nje kulikuwa kumoja tu. Nikamwazima nyanya. Nikamfundisha kreti zilivyopangwa, nailoni ilivyofunikwa, jiko lilivyokaa, na harufu yake mlango ulipofunguliwa. Nikamwambia mwisho wake aseme alijifunza umuhimu wa mawasiliano.

Sasa mnajua huku kwetu hatusumbuki na ngeli. Nyanya ya kupika ni nyanya yangu, na nyanya ya kusalimia ni nyanya yangu. Muriithi alipofika mbele ya mwenye kituo, mama mmoja mwenye roho nzuri, uoga ukamfuta kreti, ukamfuta Kagio, akabaki na kiini cha hadithi.

"Nilipoteza nyanya yangu," akasema. "Nilikuwa nimeachiwa niiangalie. Ikaharibikia mikononi mwangu."

"Woi, pole sana kijana. Ilikuwa mgonjwa?"

"Hapana. Ilikuwa nzima kabisa. Ni joto."

"Na mkafanya nini?"

"Tulizika nyuma ya nyumba. Hata hatukuita watu."

Mama yule akatoa kitambaa akapangusa macho, akasema mazishi ya siku hizi yamekuwa ya kujionyesha, ni vizuri kusikia familia bado inazika kwa kiasi. Muriithi akapata kazi siku hiyo hiyo. Shida ilikuja baadaye, nyanya yetu alipopita hapo kununua mafuta ya taa, akamkumbatia Muriithi mbele ya mwenye kituo. Muriithi akasema, "Huyu ni nyanya yangu." Mwenye kituo akamtazama nyanya huyo kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Muriithi akaongeza haraka, "Ni wa ule upande mwingine." Bado yuko kazini mpaka leo, lakini nyanya anasema yule mwanamke wa mafuta humshika mkono kwa muda mrefu sana.

Kutoka hapo niliagiza wateja wote waseme "kreti za nyanya", na kufeli kusiwe na marehemu ndani.

Kila fundi ana mwalimu wake. Wangu alikuwa Baba Shiro, jirani yetu, mpishi wa harusi, ambaye amekaa mbele ya majopo mengi kuliko mshukiwa yeyote, kutoka Othaya mpaka Nanyuki, na hajawahi kuajiriwa. Alinifundisha mambo ambayo hayako kwa kitabu. Kwamba chai iliyo mezani si yako. Kwamba wakikuuliza kwa nini uliacha kazi ya kwanza usitaje mtu, kwa sababu huyo mtu ni shemeji ya mmoja wao. "Na wakisema watakupigia, Wahome," akaniambia akimenya kiazi, "usikae ukishika simu kama mtoto mchanga. Weka chaji ulale. Hawatakupigia."

Mimi nikaongezea yangu. Kufeli kwa intavyuu lazima kutoshane na mtu kama chapati: kuonekane kwa sahani, lakini uweze kukumaliza mwenyewe. Kusiwe na polisi. Usiseme udhaifu wako ni kupenda kazi kupita kiasi, kwa sababu jopo lina macho na limekuona ukiingia. Na ile "umuhimu wa mawasiliano" usiiache kamwe. Mimi mwenyewe sijui nyanya zilihitaji mawasiliano gani, lakini jopo likisikia hayo maneno, kalamu zinaanza kutembea.

Nilikuwa nalipwa githeri ya mahindi na maharagwe, na mara moja sungura. Sungura alitoroka. Hiyo ni hadithi yake.

Halafu shule yetu, ambayo siitaji kwa sababu bado niko ndani yake, ikatafuta mkuu wa jikoni. Yule wa zamani alikuwa ameolewa Meru, akaenda na mapishi yake, ambayo hatukuyalilia. Tangazo likabandikwa getini. Siku hiyo hiyo Aunty Wangeci, anayeuza githeri mkabala na geti, akaniita nyuma ya kibanda.

"Kijana, mimi sijawai feli."

"Najua, Aunty. Keti hapo."

Nikampa nyanya za Kagio. Kesho yake akaja Baba Shiro, anataka kazi hiyo hiyo. Nikaona nikimpa nyanya pia itakuwa balaa, nikampa kabichi za Naromoru zilizonyeshewa. Aliondoka akizirudia midomoni, lakini hakuwa na furaha.

"Kabichi haitoi machozi," akasema. "Hakuna mtu analilia kabichi. Nipatie ile ya Muriithi."

"Hiyo imeshachukuliwa, Baba Shiro."

"Sawa, sawa," akasema, kwa ile sauti ambayo nikiwa mkubwa nitajua maana yake.

Mama yangu hakuwa kwenye hesabu zangu kabisa. Tangu nyanya ziive kwa njia yangu, mtaji wake uliishia ndani ya ile sosi, na yeye akaenda kuchuma kahawa ya watu. Anatoka na umande, anarudi ameshika goti. Watu wakimuuliza biashara ilikwenda wapi, anasema, "Ziliharibika," na anabadilisha mada. Mimi nilidhani ni kwa sababu inamuuma kuongea. Sikufikiria zaidi ya hapo. Niliendelea kuazima.

Asubuhi ya mahojiano nikamkuta anapiga pasi ile suti yake ya kanisa, na haikuwa Jumapili.

"Mum, unaenda wapi?"

"Kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Shuleni kwenu. Nilipeleka barua siku ya mwisho. Hiyo kazi ya jikoni." Akageuza rinda upande wa pili. "Nikipata, Wahome, hiyo kahawa watajichumia wenyewe. Hii goti imekataa."

Nilitaka kumwambia. Nataka mjue kwamba nilitaka. Nilifungua mdomo.

"Mum, wakikuuliza kuhusu kufeli, usitaje nyanya."

"Kwa nini?"

"Ni... haipendezi."

Akanitazama kama mtu anayeangalia mkate kwanza kabla ya kuulipia. "Mimi nitajibu vile nitajibu," akasema. "Viatu vyako viko na matope."

Siku hiyo nilikuwa nimepewa adhabu ya kuosha madirisha ya ofisi, kwa sababu ya jambo la kengele ambalo halihusiani na hii hadithi. Kwa hivyo jopo lilipokaa, mimi nilikuwa nje na ndoo na tambara, kioo kikiwa wazi kidogo. Ndani kulikuwa na Naibu, anayenijua vizuri kuliko ninavyopenda, na Mwenyekiti wa halmashauri ya shule, mzee wa koti la sufi anayekunywa maji ya moto bila majani.

Aunty Wangeci akaingia wa kwanza. Mwenyekiti akauliza lile swali. Aunty akashika magoti, akatoa kreti, nailoni na jiko bila kukosea, kama shairi la tamasha la muziki.

"Na ukajifunza nini, mama?"

"Umuhimu wa mawasiliano."

"Pole sana," Mwenyekiti akasema. Kalamu zikatembea. Mimi huko nje nikajipongeza kwa kioo.

Baba Shiro akaingia. Nikangoja kabichi.

"Nyanya," akasema, na chozi moja likaanguka, nafikiri alikuwa amelitayarisha. "Kreti za nyanya. Kutoka Kagio."

Niliinamisha kichwa karibu na ndoo.

"Hizo nyanya," Naibu akauliza polepole, "zilifunikwa na nini?"

"Nailoni, mwalimu. Ya grinhausi."

"Na kulikuwa na jiko?"

Baba Shiro akafikiria. "Mwalimu, jiko lilikuwepo."

Mwenyekiti akamgeukia Naibu. "Kwani Kagio kuna shida gani?"

Wakamshukuru Baba Shiro. Akatoka akinipungia mkono kupitia dirishani, ameridhika. Kisha nikasikia viatu ninavyovijua.

Mama aliketi wima. Aliulizwa kuhusu kupika, akajibu. Aliulizwa kuhusu stoo, kuhusu kuni mbichi, kuhusu mwanafunzi anayerudi laini mara ya pili akijifanya ni ndugu yake pacha. Akajibu vizuri hata Naibu akatabasamu, kitu ambacho mimi sikuwa nimewahi kuona, nikadhani ameumwa na jino. Halafu swali likaja.

"Nilikuwa nauza nyanya," mama akasema. "Nilikuwa nazitoa Kagio..."

Naibu akaweka kalamu chini. "Mama, ngoja. Ziliharibika?"

"Ndiyo."

"Chini ya nailoni?"

"Ndiyo."

"Na kulikuwa na jiko."

Mama akawatazama mmoja kisha mwingine. "Mmeambiwa na nani?"

"Tunaambiwa tangu asubuhi," Mwenyekiti akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Na ukajifunza umuhimu wa mawasiliano."

"Sikujifunza kitu," mama akasema. "Niliacha biashara."

Hilo jibu silo ninalofundisha. Naibu akaegemea mbele.

"Na nani aliweka jiko karibu na nyanya, mama? Mtu mwenye akili anaweza kufanya hivyo?"

Nilikuwa nimesimama na tambara kifuani. Niliona mgongo wake tu, na kola ya ile suti, na ule uzi mmoja mweupe ambao huwa anasahau kukata. Nikajua atasema. Nani hangesema? Kazi ilikuwa pale mezani, na goti lilikuwa pale kwa kiti, na jina langu lilikuwa fupi.

"Ni mimi," mama akasema.

Mwenyekiti akafunga faili. "Asante, mama. Tutakupigia."

Nilikumbuka Baba Shiro na simu kwa chaji. Sikumbuki nilivyozunguka jengo. Nakumbuka nikiwa mlangoni, maji yakinidondoka kwa viatu, ambavyo sasa vilikuwa na matope zaidi.

"Wahome, wewe nilikupeleka madirisha," Naibu akasema.

"Hilo jiko ni mimi, mwalimu."

"Jiko gani?"

"La nyanya. Hizo nyanya ni za huyu, ni mama yangu. Za kweli ni hizi zake. Hao wengine niliwaazima."

"Uliwaazima nyanya?"

"Niliwaazima kufeli."

Mama hakugeuka. Masikio yake tu ndiyo yaliyosogea. Mwenyekiti akavua miwani, akaipangusa na ncha ya koti, akaivaa tena ili anione vizuri.

"Na wewe," akauliza, "uliweka jiko la nini?"

"Zilitoka Kagio. Nilifikiria zitasikia baridi."

Mwenyekiti akashika kikombe cha maji ya moto, akakirudisha bila kunywa. Mabega ya koti la sufi yakaanza kutikisika kidogo kidogo, na yeye akitazama ukutani, kwa picha ya timu ya voliboli, kama mtu aliyepata habari mbaya huko.

"Na ukajifunza nini, kijana?"

Ndugu zangu, mimi ni mtaalamu. Nilikuwa na majibu ya swali hilo ya kutosha mtaa mzima, na umuhimu wa mawasiliano ulikuwa hapo kwa ulimi umevaa viatu. Ukakataa kutoka.

"Sikuwa najua," nikasema, "kwamba hajawahi kuambia mtu ni mimi."

Hakuna aliyeandika. Naibu akakohoa.

"Toka," akasema. "Bado kuna dirisha la nyuma. Na hiyo biashara yako ya kufundisha, hebu staafu."

Nikastaafu.

Aunty Wangeci bado ananiuzia githeri, lakini anachota kutoka upande ambao hauna maharagwe. Baba Shiro hakukasirika. Ananiambia ni jopo la kwanza ambalo limemkumbuka akitoka. Mjue pia kwamba tulitembea na mama kutoka shuleni mpaka nyumbani, tukipita kahawa ile ya watu, yeye mbele na mimi nyuma na begi langu na mkoba wake. Jioni alipika. Alinipakulia. Hakunipakulia nyingi.

Simu ikalia kabla ya sahani kuoshwa. Simu ya mama haisikiki bila spika, kwa hivyo Naibu aliongea na nyumba yote. Alisema wamekaa, wakafikiria. Alisema Mwenyekiti alitaka kujua huyo mama amekaa na yule kijana nyumba moja miaka yote hiyo vipi. "Tukaona, mama, mtu amelea Wahome, hiyo shule haiwezi kumshinda. Uje Jumatatu."

"Asante, mwalimu," mama akasema. Akakata simu, akaifuta kwa leso ingawa haikuwa na maji. Akakaa kitini akanyoosha lile goti, akaliangalia. Mimi nikaosha sahani polepole sana, kwa sababu nilijua sasa zamu yangu imefika, na kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kutayarisha jibu.

Hakuniuliza chochote. Alisema hivi:

"Kwa laini ya chakula usiniite Mum. Na siku ile utapita hapo kwa stoo usikie nyanya zikitetemeka, wewe pita tu."